Ekari Milioni Tatu kwa Wiki Tisa

Tarakimu iliyonianzisha safari hii ni 3,210,000. Hizo ni ekari. Zimo katika waraka ambao serikali ya Uingereza iliuchapisha Februari 1947, kueleza kwa nini inataka kulima karanga Afrika Mashariki. Ekari hizo zingegawanywa katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, yaliyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama yake, pauni milioni 24. Ukizigeuza ekari hizo kuwa kilomita za mraba, unapata eneo linalokaribia mkoa mzima wa Kilimanjaro. Nani aliikagua ardhi yote hiyo?

Watu watatu. Mmoja aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Wa pili alikuwa meneja wa mashamba makubwa. Wa tatu alikuwa mtu wa fedha. Walitumwa katikati ya 1946, wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Nilipiga hesabu pembeni mwa daftari: kama ekari 50,000 kwa siku, Jumapili zikiwemo. Hesabu hiyo haiwatendei haki kabisa, kwa sababu hawakutumwa kupima kila ekari. Walitumwa kusema kama jambo lenyewe linawezekana. Lakini waraka uliotokana na ripoti yao hausemi tu kwamba linawezekana. Unataja tani, miaka na gharama. Makadirio yaligeuka ahadi mahali gani?

Kila aliyesoma historia sekondari hapa Tanzania anaijua hadithi hii kwa ufupi. Wataalamu wa Kizungu walikuja Kongwa, mkoani Dodoma, hawakumuuliza mtu, udongo ukawashinda, wakaondoka. Uingereza wana toleo lao: wanasiasa waliotaka kura waliwakimbiza wataalamu kabla hawajamaliza kazi. Lipo na la tatu, la upole zaidi, kwamba mvua iligoma na mvua haina mwenyewe. Matoleo yote matatu yana ukweli ndani yake. Yote matatu pia yana tabia moja inayonitia wasiwasi: kila moja linamwachia mtu fulani njia ya kutokea. Lipi linasimama ukilipeleka mbele ya kumbukumbu za wakati ule?

Nilianza na njaa, na haikuwa njaa ya Kongwa. Vita vilikwisha 1945, lakini mgawo wa chakula Uingereza haukwisha. Julai 1946 serikali ililazimika kugawa mkate kwa kuponi, jambo ambalo halikufanyika hata wakati mabomu yanaanguka. Mafuta ya kupikia na majarini yalikuwa haba kuliko vyote, na India, iliyokuwa ikiuza karanga nyingi nje, sasa ilikuwa inazihitaji yenyewe. Tume ya watu watatu ilikuwa huku Afrika katika majira yaleyale ambayo akina mama wa London walikuwa kwenye foleni ya mkate. Serikali iliyoingia kwa kura za akina mama hao ingewezaje kupokea ripoti inayosema "subirini"?

Swali hilo linaelekea kulipa nguvu toleo la pili. Sikuliacha hapo, kwa sababu wazo la karanga halikuzaliwa wizarani. Lilipelekwa serikalini mapema mwaka 1946 na mkuu wa kampuni kubwa ya biashara, kampuni iliyokuwa na haja yake ya mafuta. Waziri wa chakula hakulitunga. Alilipokea, akatuma tume, tume ikasema ndiyo, baraza la mawaziri likakubali kabla mwaka haujaisha. Kila mkono ulioshika karatasi hiyo ulikuwa na sababu ya kuuamini uliotangulia. Mwanasiasa alimtegemea mtaalamu. Mtaalamu alijua mwanasiasa anahitaji nini. Basi ni nani katika mnyororo huo aliyekuwa na faida ya kusema hapana?

Nikaenda upande wa pili, Tanganyika. Desemba 1946 nchi iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Waafrika wa kwanza walikuwa wameingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka uliotangulia, wawili tu, wote machifu, wote kwa kuteuliwa. Kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wa baraza hilo ilipigwa 1958. Mpango wa karanga ulijadiliwa hadharani, katika bunge lililochaguliwa na watu, na magazeti huru yakauandika. Ni demokrasia kamili, ila ya mahali pengine. Mgogo wa Kongwa angepelekea wapi neno lake?

Safari ya kwenda Kongwa niliianzia Dar es Salaam, bandarini. Leo meli za makontena hufunga gatini. Mwaka 1947 gati za maji marefu hazikuwepo. Meli zilitia nanga nje na mizigo ikashushwa kwa matishari. Kwenye matishari hayo yalipita matrekta yaliyokwisha tumika vitani, mengi yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino. Baadaye vilikuja hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Reli ya kati ilikuwa moja, na daraja likichukuliwa na mafuriko kila kitu kinalala stesheni. Septemba 1947 makuli wa bandari waligoma, mgomo ukapanda na reli hadi Kongwa kwenyewe. Kwa hiyo mtu wa kawaida alikuwa na kura moja baada ya yote, ile ya kuweka mzigo chini. Lakini nani London aliisoma kama kura?

Kabla sijafika Kongwa nilishuka Morogoro, na nilijua napotea njia. Milima ya Uluguru haihusiani na karanga. Inahusiana na swali langu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa udongo walitaka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, na sheria ikatungwa kuwalazimisha. Hoja ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Waluguru nao walisema matuta yale yanafukia udongo mzuri na kufunua mbaya, na kazi ni ya bure. Mwaka 1955 kulitokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Wataalamu wa Uluguru waliijua milima yao kuliko wale watatu walivyoijua Kongwa, na bado walikwama. Je, tatizo ni kiasi cha ujuzi, au ni kule kukosekana kwa mtu anayeweza kuurudisha ujuzi mezani ukaangaliwe upya?

Barabara ya Dodoma inapita Kibaigwa, ndani ya wilaya ya Kongwa. Hapo lipo soko kubwa la nafaka. Malori yanapanga foleni, mahindi yanapimwa, madalali wanapiga simu. Kandokando ya barabara mafuta ya alizeti yanauzwa katika chupa zilizokwisha tumika. Nilimkuta mama mmoja ameweka karanga kwenye sado, nyekundu, ndogondogo, bado zina vumbi. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ya kisima yametoka wapi. "Si hapa hapa." Mkoa wa Dodoma unalima karanga, tena nyingi. Ikiwa ardhi hii inazaa karanga kwa jembe la mkono, toleo la shule kwamba udongo ulikataa linasimama vipi?

Jibu liko kwenye mmea wenyewe, na hapa naomba tuiname kidogo. Karanga huchanua juu ya ardhi. Ua likishapevuka, kikonyo chembamba hutoka, kikainama, kikatoboa udongo, na ganda hukua humo chini, gizani. Kwa hiyo udongo unatakiwa uwe laini mara mbili: wakati kikonyo kinaingia, na wakati mkulima anang'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, umechanganyika na chembechembe kali zinazosaga chuma. Ukiwa na unyevu unalimika. Mvua ikikatika unakauka ukawa mgumu mno. Mwenye shamba la ekari mbili huchungulia anga, akawaita watoto, akang'oa karanga zake ndani ya siku chache, udongo ukiwa bado unakubali. Mwenye ekari 30,000 anamwita nani?

Anaita mashine, na mashine zilikuja. Kwanza zilipaswa kung'oa pori. Vichaka vya Kongwa vina mizizi inayopinda majembe ya trekta. Mibuyu ilikuwa shughuli nyingine kabisa. Palibuniwa njia ya kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili na kuukokota ukilaza kila kitu, mbinu yenye akili, lazima nikiri. Lakini makatapila yaliyolaza miti pia yaliushindilia udongo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Hiyo ni moja kati ya kila 20. Mpango ungekuwa wa mkulima angesimama hapo na kujiuliza, huu uliendelea. Kwa nini?

Lipo toleo linalopendwa sana kwenye vitabu vya mzaha: kwamba zilinunuliwa tani 4,000 za mbegu na zikavunwa tani 2,000. Nimelikuta limerudiwa mahali pengi kwa furaha ileile. Naliamini nusu. Hata likiwa sahihi, sioni linathibitisha ujinga wa kilimo. Mbegu hununuliwa kwa hesabu ya ekari zinazotarajiwa, si zilizopo. Linachothibitisha ni kwamba meza ya manunuzi ilikuwa inaisoma ahadi ya 1947 wakati shamba lilikuwa linasoma kitu kingine. Hizo taarifa mbili zilikutana wapi, kama zilikutana?

Kongwa mjini nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyesemekana kujua yote. Nilimwamkia kwa "mbukwa" yangu ya kujifunza, akacheka, akaitika, akaniita mwanangu. Alinipeleka kwenye misingi ya saruji iliyomezwa na nyasi. "Haya ni ya Wazungu wa karanga." Nilipiga picha. Halafu tulivyozidi kuongea, akaanza kueleza wanajeshi waliokaa pale na nyimbo walizoimba asubuhi, na nikafunga daftari. Wapiganaji wa ukombozi kutoka kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa tangu 1964. Kabla yao, majengo ya karanga yalikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Kando yake ikaja ranchi ya ng'ombe. Tabaka tatu au nne za historia zimelala juu ya saruji moja, na kwa wenyeji zote ni za "karanga". Basi ushahidi wa kile wenyeji walichojua 1946 niutafute wapi?

Niliutafuta katika njaa. Ugogo ina orodha ya miaka ya njaa, na miaka hiyo ina majina. Kubwa kuliko zote inaitwa Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920, iliyoua watu wengi mno. Sitaki kuitumia kirahisi: Mtunya haikuletwa na ukame peke yake, maana majeshi ya pande zote mbili za vita vya kwanza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Lakini jamii inayozipa njaa zake majina haina haja ya kuambiwa kwamba mvua ya hapa haiaminiki. Imejipanga kwa hilo: mtama na uwele kwanza, karanga pembeni, mashamba yametawanyika, ng'ombe kama akiba. Huo nao ni utaalamu, umepimwa kwa vizazi. Kwa nini haukuingia kwenye safu yoyote ya jedwali?

Kwa sababu jedwali lina safu ya wastani. Ukanda huu hupata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa karanga kiasi hicho kinatosha, kwenye karatasi. Wastani hauonyeshi kwamba sehemu kubwa inaweza kumwagika wiki moja, kisha anga likafunga wiki nne katikati ya maua. Wagogo hawali wastani. Mwaka 1949 mvua ilikatika, na mashamba ya karanga na alizeti yakakauka mbele ya watu waliokuwa wameambiwa takwimu ziko sawa. Na kweli zilikuwa sawa. Je, takwimu iliyo sahihi inaweza kuwa jibu la swali lisilo sahihi, na kazi ya kulibadilisha swali ni ya nani?

Hapa nilitarajia kukuta wataalamu wamenyamaza. Sikukuta hivyo. Mradi uliajiri wanasayansi wake, wakaanzisha utafiti wa udongo, mvua na magonjwa ya mimea huko huko Kongwa, na kazi yao inaheshimika mpaka leo. Tatizo ni kalenda. Wao waliingia kazini wakati matrekta yanakata pori tayari. Walikuwa wanatafuta jibu la swali lililokwisha tangazwa majibu yake bungeni. Kwa hiyo lile toleo la "wataalamu hawakujua" linaangukia pabaya: waliojua walikuwepo, walikuwa wataalamu pia, ila walikuwa chini kwenye ngazi. Ndani ya utaalamu wenyewe, ni nani humsikiliza nani?

Jambo jingine lilinichelewesha mezani usiku. Kwa sheria ya 1948 iliundwa bodi ya umma kuchukua mradi kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiuendesha kwa niaba ya serikali. Wawili kati ya wale watatu wa tume ya 1946 waliwekwa kwenye bodi hiyo. Waliopima wakawa watekelezaji wa kipimo chao. Sioni hila hapo. Nani angeteuliwa kama si wanaoujua mpango? Lakini tangu siku hiyo, kusema "tulikadiria vibaya" kulimaanisha kusema "mimi nilikadiria vibaya", mbele ya wakubwa, kwa fedha za umma. Mwishoni mwa 1949 wote wawili waliondolewa. Je, mtu anaweza kuwa shahidi wa kesi aliyoianzisha mwenyewe?

Basi ni nani hatimaye aliyepiga breki? Nilidhani ni bunge. Mnamo Novemba 1949 upinzani ulitaka uchunguzi, hoja ikapigiwa kura, ikashindwa. Chama tawala kilikuwa na watu wengi. Nilidhani ni wapiga kura. Februari 1950 walikirudisha chama kilekile, kwa wingi mwembamba wa viti vitano, na walikuwa na mambo mengi ya kupigia kura kuliko karanga. Kilichobadilisha hewa kilikuja kabla ya yote hayo, na kilitoka kwa watu wasio na umaarufu wowote. Wakaguzi wa hesabu. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 1949 walikataa kuipa bodi hati safi, wakasema vitabu havikutunzwa ipasavyo. Msomaji wa Tanzania anayesubiri ripoti ya ukaguzi kila mwaka analijua joto la maneno hayo. Kwa nini sentensi chache za wahasibu zilifanya kazi ambayo ukame na mgomo havikuifanya?

Nadhani ni hivi, na nipo tayari kupingwa. Wale wa 1946 waliiambia serikali jambo la kufanya. Wakaguzi hawakuiambia la kufanya. Waliliambia bunge wasichoweza kukithibitisha, wakakitia mikononi mwa watu wenye haki ya kuuliza. Wote ni wataalamu. Wa kwanza walizibeba tarakimu zao na kuzipeleka kwa mwenye shida, wa pili walizipeleka kwa mwenye mashaka. Tofauti hiyo siioni katika matoleo yote matatu niliyoanza nayo, na bila yake sioni namna ya kueleza kwa nini waziri wa chakula alisimama kwa uhakika 1946 na kujitetea 1949. Lakini ukaguzi ule ulisoma vitabu vya fedha tu. Nani alikuwa mkaguzi wa mvua?

Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango umekwisha kama ulivyojulikana, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Simulizi nyingine zinataja milioni 49. Niliposhika kalamu kuamua ipi ni sahihi nikaona zinahesabu vitu tofauti: moja ni deni lililosamehewa, nyingine inajumlisha kila kilichotumika. Na ndani ya hesabu hizo kuna kitu kinachonisumbua upande wa kusini. Mashamba mengi zaidi yalipangwa kuwa Jimbo la Kusini, Nachingwea na jirani zake. Kwa ajili yao ilijengwa reli, na Mtwara ikapata bandari ya maji marefu iliyofunguliwa 1954, karanga zikiwa zimekwisha sahaulika. Reli iling'olewa baada ya uhuru. Bandari ipo, na msimu wa korosho ukifika malori yanajipanga kuingia.

Kesho naelekea huko. Kwenye hesabu za 1951 bandari ile ilikuwa sehemu ya balaa, na wahasibu walikuwa na haki kuiandika hivyo. Kwa mkulima wa korosho wa Nachingwea, anayeuza kupitia gati iliyopangwa na watu wasiomjua babu yake wala kumuuliza, iandikwe upande gani wa daftari, na safari hii nani apewe kalamu?